Kikao Kilichokaa Juu ya Saruji Mbichi

MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Kughushi muhtasari wa kikao cha familia
Jina: Mama Mwiko (ndilo analoitikia, la kwenye kitambulisho limo ndani ya jalada)
Umri: Miaka 49
Kazi: Fundi ujenzi, upande wa sakafu
Makazi: Nyumba ya tatu nyuma ya soko la mbao
Yameandikwa: Kituoni, chumba namba mbili, Jumanne tarehe 9 Juni, kuanzia saa nne na dakika kumi asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nina akili zangu timamu, sikulazimishwa na mtu, na afande amenionya kwamba nikisema uongo nitashitakiwa. Nimemwambia hilo asiwe na shaka nalo. Kazi ya sakafu nimeifanya miaka ishirini na sita, na sakafu ukiidanganya leo, kesho inapasuka mbele ya mwenye nyumba.

Tulizaliwa watatu. Mkubwa ni kaka yangu, ambaye tangu utotoni tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu watu wakizidi wawili lazima yeye awaongoze. Hata tukienda kuteka maji alikuwa anafungua kikao kwanza. Wa pili ni mimi. Wa mwisho alikuwa mdogo wetu wa kiume, fundi redio, aliyefariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 20 Januari mwaka huu. Ameacha mke, yaani wifi yangu, anayeshona sare za shule, na watoto watatu. Ameacha pia nyumba moja ya vyumba vitatu na sebule, aliyoijenga pamoja na mke wake. Nasema "pamoja na mke wake" nikijua ninachokisema, maana msingi wa nyumba ile niliusimamia mimi, na wifi alikuwa akitubebea maji akiwa na mimba ya miezi saba.

Sebule ya nyumba ile ilikuwa na sakafu mbovu. Ilipigwa haraka na fundi mwingine wakati mimi niko safarini kikazi, ikapasuka kabla ya mwaka kuisha. Marehemu alikuwa ananitania kila tukionana: "Dada, sakafu za watu zinang'aa, ya mdogo wako mende wanajikwaa." Mimi namjibu, wiki ijayo. Waswahili walisema mganga hajigangi. Wiki ijayo ikawa miaka, na mdogo wangu akafa sijaigusa. Hilo liliniuma na linaniuma hadi leo, afande aliandike hivyo hivyo. Baada ya mazishi nilimuahidi wifi kwamba nikimaliza kazi niliyokuwa nimeshaianza, inayofuata ni ya kwake.

Mnamo Ijumaa tarehe 13 Machi nilivunja sakafu ya zamani, nikashindilia kokoto. Makochi, meza na kabati la vyombo tuliviweka uani tukavifunika turubai.

Mnamo tarehe 14 Machi, siku ya Jumamosi, nilifika nyumbani kwa marehemu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sebule ilikuwa tupu. Wifi na binti yake mkubwa, mwenye miaka ishirini na mmoja, walinichanganyia zege. Saa mbili kamili nikaanza kumwaga. Afande aelewe kazi hii inavyokwenda, kwa sababu shauri lote limelala hapo. Unaanzia kona ya mbali kabisa, unasawazisha kwa ubao mrefu, unarudi nyuma kidogo kidogo hadi unatokea mlangoni. Ulikopita hakuna kurudi. Zege likianza kushika unaweka vipande viwili vya mbao, unapiga magoti juu yake, unapiga niru, yaani uji wa saruji wa kung'arisha juu, unalainisha kwa mwiko, unasogeza mbao, unaendelea. Ukiweka mguu, mguu unabaki pale mpaka wajukuu wauone. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane kasoro robo mchana nilikuwa nimepiga magoti ndani ya sebule ile peke yangu. Hata paka tulimfungia stoo.

Nilipotoka mlangoni nilichukua msumari nikaandika tarehe kwenye kona ya kushoto, pamoja na alama yangu ya mwiko. Hufanya hivyo kwenye kila sakafu. Fundi aliyenifunza alinizoesha, akisema sakafu ikipasuka mapema mwenye nyumba ajue wa kumtukana. Chini ya tarehe niliandika pia maneno machache ya mimi na marehemu, ambayo hayahusiki na shauri. Tangu asubuhi binti wa wifi alikuwa amepiga picha tano kwa simu yake, na mbili kati ya hizo naonekana mimi niko katikati nimeinama. Picha hizo nimezileta.

Baada ya hapo mlango wa sebule ulizibwa kwa ubao. Tuliifunika sakafu kwa magunia mabichi tukawa tunaimwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba, hadi Jumamosi iliyofuata. Siku zote hizo watu wa nyumba walipita mlango wa jikoni. Mwenyekiti hakuwepo hata siku moja. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga pale. Tukimpigia anasema yuko kwenye kikao.

Mnamo Jumamosi iliyopita, tarehe 6 Juni, saa tano na dakika ishirini asubuhi, nilikuwa kwenye kazi mtaa wa pili kutoka kwa wifi. Simu ikaita. Wifi alisema, "Wifi, njoo. Kaka yako yuko hapa, amekuja na kufuli." Sauti yake ilikuwa ndogo mno. Niliacha ndoo pale pale nikaenda. Kwa haraka zangu sikuona kwamba mwiko bado ninao mkononi, na Mwenyekiti amedai baadaye kwamba nilikwenda na silaha. Hiyo si kweli. Ningetaka kumpiga ningechukua beleshi.

Nilimkuta kaka yangu amesimama katikati ya sebule amevaa suti, ana jalada la bluu kwapani, na viatu miguuni. Pembeni yake alikuwepo dalali mwenye kofia, na mama mmoja wa makamo, muuguzi mstaafu, ambaye nilielewa ndiye mnunuzi. Wifi alikuwa amesimama nyuma ya cherehani yake ameshika shati la shule lisilo na mkono mmoja. Watoto wawili wadogo walikuwa mlangoni kwa jikoni. Kufuli lilikuwa mezani, jipya, bado liko kwenye kadi yake ya dukani.

Mwenyekiti alinisalimia kama mtu anayefungua mkutano. Akasema mahakama imemteua kuwa msimamizi wa mirathi ya marehemu kutokana na kikao halali cha familia. Kwamba familia iliazimia nyumba iuzwe. Kwamba wifi ana siku saba za kufungasha. Wifi akamuuliza, "Shemeji, kikao gani?" Akamjibu, "Kile ulichohudhuria." Wifi akakaa chini. Shati lilianguka na hakuliokota. Nyumba ile ndiyo kitanda chake, ndiyo kiwanda chake, ndiyo shule ya wale watoto. Akitoka pale hana pa kwenda, wazazi wake walishatangulia mbele ya haki.

Nikamwambia kaka naomba nione huo muhtasari. Mtu mwingine angekataa. Yeye alinikabidhi kwa mikono miwili, maana hakuna kitu anachokipenda duniani kama mtu kusoma mihtasari yake. Hapo ndipo alipojimaliza. Mwizi mwenzake angeandika mistari minne: tulikutana, tumemchagua fulani, sahihi, basi. Kaka yangu hawezi. Ulikuwa na kurasa tatu na nusu, umepigwa chapa. Nanukuu sehemu ninazozikumbuka, na nakala ninayo hapa:

"Kikao kilifanyika Jumamosi tarehe 14 Machi, sebuleni nyumbani kwa marehemu, kuanzia saa nne kamili asubuhi hadi saa saba na nusu mchana. Wajumbe waliketi kuizunguka meza. Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwaomba wajumbe wasimame kwa dakika moja kumkumbuka marehemu. Wajumbe walisimama. Mjane aliridhia kwa moyo mkunjufu kurudi kwao. Shangazi wa watoto aliunga mkono hoja, akapigiwa makofi."

Shangazi wa watoto ni mimi. Mwishoni palikuwa na sahihi nane, na ya kwangu ikiwemo, ina mkia mrefu ambao sijawahi kuuchora tangu nijue kalamu.

Nilisoma mara ya kwanza sikuelewa. Nikasoma mara ya pili, nikaangalia tarehe, nikaangalia chini kwenye sakafu, kisha nikaanza kucheka. Sikuweza kujizuia. Nilicheka hadi dalali akavua kofia. Mwenyekiti akasema, "Mdogo wangu, hili ni jambo zito, si la mzaha." Nikamwambia, "Kaka, zito kweli. Watu wanane na meza juu ya zege la asubuhi ile ile. Mngezama hadi magotini."

Akaniuliza zege gani. Haki ya Mungu, afande, hakujua. Alikuwa amesimama juu yake na hakujua. Sakafu mpya inang'aa kama sahani, na mtu aliyekulia na fundi sakafu nyumba moja hakuiona, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye kuta akipima nyumba itauzwaje.

Nikamwambia Jumamosi ile saa nne kamili nilikuwa hapa hapa ninapiga niru. Kwamba nilihudhuria sebuleni ni kweli tupu. Nilihudhuria kwa magoti. Ila mjumbe mwingine sikumwona, na makofi sikuyasikia.

Akasema, "Basi ni makosa ya mpiga chapa. Ilikuwa Jumapili."

Nikamwambia, "Jumapili magunia mabichi."

"Jumatatu, basi."

"Magunia. Kaka, nenda mpaka Ijumaa, magunia. Chagua siku nyingine, mimi nakusubiri."

Akasema labda walikaa uani. Nikamfungulia ukurasa wa kwanza nikamwekea kidole kwenye neno "sebuleni", na kwenye "kuizunguka meza". Nikamweleza kwamba meza ilikuwa chini ya turubai ina mvua ya siku mbili juu yake. Dalali akaanza kusogea mlangoni taratibu. Nikamwambia, "Wewe usiondoke, una mabega mazuri, nisaidie kusukuma kabati hili." Na akasukuma, maskini, sijui kwa nini. Nadhani aliogopa mwiko.

Kabati liliposogea kona ya kushoto ikaonekana. Yule mama mnunuzi alivaa miwani yake, akachuchumaa, akasoma kwa sauti: "Kumi na nne, mwezi wa tatu." Akafuta vumbi kwa kidole, akaendelea kusoma yale maneno yangu ya chini, ambayo sikutaka yasomwe: "Nimechelewa, mdogo wangu. Nisamehe."

Wifi alikuwa hajui kwamba niliandika hivyo. Alinyanyuka akaja akanishika mkono, mkono wenye mwiko. Afande ananiuliza kama nililia. Nililia.

Yule mama akainuka, akamwambia kaka yangu, "Nilikuja kununua nyumba, baba. Kesi sinunui." Akamgeukia wifi akamwambia, "Nisamehe mwanangu, sikujua kuna watu ndani yake." Akatoka. Dalali alimfuata bila hata kuaga.

Binti wa wifi, ambaye ana akili za marehemu, alikuwa ameshampigia simu baba mdogo, yaani mdogo wa baba yetu, mwenye miaka themanini na moja, akaweka sauti ya nje. Jina lake ni la tatu kwenye mahudhurio, na sahihi yake ni nzuri kuliko zote. Binti akamuuliza, "Babu, tarehe kumi na nne Machi ulikuja kwenye kikao hapa kwetu?" Baba mdogo akajibu, "Kikao gani? Mimi nikienda kikao lazima nipewe chai, ningekumbuka." Akamuuliza kuhusu sahihi. Akajibu, "Mjukuu wangu, mimi tangu kuzaliwa natia dole gumba. Kama nimejifunza kuandika, basi nimefurahi sana, mniletee nione." Majirani waliokuwa wameshajaa dirishani waliangua kicheko, na mimi pia.

Mwenyekiti alifunga jalada lake. Alikuwa amelowa jasho hadi kola. Akanisogelea akasema chini chini, "Haya ni mambo ya familia. Tusiyatoe nje." Nikamjibu, "Umeyapeleka mahakamani mwenyewe, umeyapigia na muhuri. Mimi nayafuata huko huko." Akaondoka saa sita na dakika arobaini mchana. Jalada alichukua, lakini nakala ya muhtasari ilibaki mkononi mwangu, na kufuli lilibaki mezani. Kufuli nimelileta kama kielelezo. Bado liko kwenye kadi.

Mnamo jana, Jumatatu tarehe 8 Juni, saa mbili na nusu asubuhi, mimi na wifi tulifika mahakamani. Baba mdogo alikuja pia, amevaa koti lake la sikukuu, akimwonyesha kila mtu dole gumba lake. Karani alitupokelea maombi ya dharura. Hakimu alitusikiliza saa sita mchana. Alitazama picha, akasoma muhtasari, na alipofika pale wajumbe waliposimama dakika moja alikohoa akaziba mdomo kwa karatasi. Kisha akasema neno ambalo nimelishika: msimamizi wa mirathi ni mtunzaji, si mwenye mali, na mjane hafukuzwi kwenye nyumba aliyoijenga kwa sababu tu mumewe amekufa. Ametoa zuio, nyumba isiuzwe wala mtu asitolewe. Amesimamisha usimamizi wa kaka yangu mpaka shauri lisikilizwe, na ametuelekeza tuje hapa kufungua jalada la kughushi. Tulipotoka nje wifi aliniomba tusimame kidogo kwenye baraza ya mahakama. Alisema miguu imekuwa myepesi, hajui atembeeje.

Leo asubuhi kabla sijaja hapa, saa moja na nusu, kaka yangu alinipigia simu. Nimeamua kulisema na hili lisije likasemwa na mtu mwingine. Aliniomba niseme nimesahau tarehe. Alisema, "Mwambie afande huna hakika. Nani atakulaumu? Una kazi nyingi, sakafu ni nyingi." Nikamwambia ni kweli ni nyingi, nimesahau sakafu za matajiri na za maofisi, lakini ile ya mdogo wangu siisahau.

Kaka ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, afande, na ndiye aliyenilipia nauli nilipokwenda kujifunza ufundi wakati watu wote wanasema mwanamke hapigi zege. Simchukii. Ningemchukia ingekuwa rahisi zaidi kuja hapa. Halafu akaniuliza, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa wadogo, kama shemeji yake atamsamehe. Nikamwambia hilo mimi siwezi kumjibia mtu, sahihi za kuwajibia watu ndizo zilizotufikisha hapa. Aende mwenyewe akamuulize. Mlango anaujua. Na akifika, avue viatu.

Haya ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyafanya kwa mikono yangu, na nitayarudia mbele ya hakimu yeyote, siku yoyote, isipokuwa siku ambayo nimemwaga zege. Nimesomewa nikaridhika, na sahihi iliyopo hapa chini nimeiweka mimi.

(Sahihi ya shahidi)

MAELEZO YA ASKARI MWANDISHI: Nathibitisha kwamba maelezo haya nimeyaandika kama shahidi alivyoyatoa. Nilimshauri shahidi aondoe maneno kuhusu beleshi. Amekataa, akisema ameapa kusema kweli yote. Nimepokea vielelezo: picha tano, nakala moja ya muhtasari wa kurasa tatu na nusu, na kufuli moja jipya. Shahidi ametoka chumbani saa sita na dakika tano mchana. Vigelegele vilivyosikika hadi chumba cha mkuu wa kituo muda mfupi baadaye vilipigwa na wifi yake, aliyekuwa akimsubiri kwenye benchi la nje. Nilitoka kumwonya. Nikamkuta mzee mmoja mwenye koti la sikukuu ameshaanza kumwitikia, nikarudi ndani kuendelea na kazi.